Marehemu wa Saa Tano

Shemeji yangu Grgo alimwonea wivu mtu aliyekufa miaka saba kabla yeye hajaoa. Nalisema wazi tangu mwanzo kwa sababu huku kwetu, nje ya mji wa Subotica, watu walilinong'ona kiangazi chote kile, na kila mmoja alikuwa na lake. Wengine walisema ni akili za uzee. Wengine walisema ni pombe, na huo ni uongo, maana Grgo hunywa glasi moja ya rakija ya aprikoti asubuhi kabla ya kulisha ng'ombe, basi, mpaka kesho yake. Ulikuwa wivu. Mimi nilikuwa jikoni pale, niliuona ukimla.

Shamba lenyewe ni la akina Vukov. Nyumba ni ndefu, ya udongo wa kushindilia, imepakwa chokaa na kuezekwa matete, na kuta zake ni nene kiasi kwamba dirishani unaweza kulaza mtoto. Kuna zizi, ghala la nafaka, kibanda cha mahindi, kisima chenye mti mrefu wa kuvutia ndoo, na njia ya miforsadi inayotoka barabarani mpaka uani. Baada ya hapo ni mashamba tu. Ardhi yetu haina kilima. Ukisimama juu ya ndoo unaona kijiji cha pili. Wageni huja kwa mabasi kuanzia Mei mpaka Septemba, wanatembezwa, wanasimuliwa, halafu wanakaa chini ya miti kula. Mkate wanaokula ni wangu. Mimi naitwa Cilika, na mwenye shamba, Justina, ni binamu yangu. Baba yake na baba yangu ni ndugu.

Justina aliolewa kwanza na Bolto Vukov, wakazaa binti mmoja, Teza. Bolto akafa kwa ajali ya trekta mwaka 1991, Teza akiwa na miaka minne. Justina alikaa peke yake miaka saba, kisha akaja Grgo, seremala kutoka Bajmok, akiwa na sanduku moja la nguo na mawili ya zana. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Hakuwahi kukaa kwenye kiti kibovu bila kukigeuza chini juu kwanza aone kimeharibika wapi. Wageni walipoanza kuja, mwaka 2002, kazi iligawanyika yenyewe: Justina alisimulia, Grgo alitengeneza, nami nilipika.

Tatizo ni kwamba shamba si kubwa. Popote Grgo alipokuwa anafanya kazi, awe juu ya ngazi au ndani ya banda la nguruwe, kuanzia saa tano asubuhi sauti ya mke wake ilimfikia.

Justina alikuwa anaanzia kwenye miforsadi. Aliwaeleza wageni jinsi enzi za wafalme wa Vienna kila mwenye ardhi alivyoamriwa kupanda miti ile ili viwavi wa hariri wapate majani. Akaja kwenye vita, na miaka ya baada ya vita, serikali ilipodai ngano kwa nguvu na wakaguzi wakafagia dari ya babu yake Bolto mpaka punje ya mwisho, mke wa mzee akasimama mlangoni na ufagio mwingine akawauliza kama wanataka na huo. Akasimulia jinsi matrekta ya ushirika yalivyolima mpaka kwenye kizingiti, nyumba ikabaki tupu, kunguru wakazaliana ndani ya bomba la moshi. Halafu sauti yake ilishuka kidogo, akasema, "Ndipo akaja Bolto."

Na hapo, kama ulikuwa karibu na Grgo, ulisikia nyundo ikigonga kwa nguvu zaidi.

Bolto ndiye aliyekataa nyumba kubomolewa. Bolto ndiye aliyefukua kisima kilichokuwa kimezikwa kwa takataka. Bolto ndiye aliyezunguka vijijini kuokoa mbao za zamani, na siku moja akiwa amebeba mihimili ya zizi kwenye trela, trekta likapinduka penye kona, akafa kwa ajili ya shamba hili. Wanawake wa mjini walifuta machozi. Mzee mmoja alivua kofia. Mara nne kwa siku katika mwezi wa Julai, miaka kumi na moja mfululizo, Grgo alimsikia mke wake akimlilia mwanamume mwingine mbele ya watu.

Nilimtania sana. Shemeji hutaniwa, ndiyo haki yake. Nilimwambia, "Shemeji, ukitaka kusifiwa na dada yangu, ngoja ufe kwanza."

Akanijibu, "Hata nikifa nitawekwa kwenye sura ya pili, shemeji. Ya kwanza imeshajaa."

Tulicheka. Wakati huo bado tulikuwa tunacheka.

Kilichoharibu mambo ni paa la ghala. Mwaka 2000, Machi, upepo wa kusini-mashariki ulivuma siku nne, ukang'oa matete ya ghala upande mzima. Grgo alipanda juu siku ya pili, upepo ukiwa haujapungua, akajifunga kamba kiunoni, kamba ikafungwa kwenye mforsadi upande wa pili, akaezeka upya saa tisa bila kushuka. Justina alikuwa chini akimrushia mafungu ya matete. Alishuka mikono inavuja damu, akashindwa kushika kijiko, Justina akamlisha supu. Hayo nayajua kwa sababu mimi ndiye niliyepika hiyo supu.

Basi mwaka 2013, mwezi wa Mei, lilikuja basi la walimu wa historia. Grgo alikuwa ndani ya ghala akiziba matundu ya panya. Justina akawasimamisha walimu nje ya mlango, akawaonyesha paa, akasema, "Paa hili Bolto aliliezeka katikati ya dhoruba, amejifunga kamba kwenye mti ule pale, saa tisa bila kushuka."

Grgo alibaki ameinama na kiganja cha chokaa mkononi mpaka chokaa ikakauka.

Aliniambia baadaye kwamba mwanzo alidhani amesikia vibaya. Jioni yake, wakati tunakula, akamwuliza mkewe kwa upole ni nani aliyeezeka ghala. Justina akashika uso, akasema ulimi wake ulimkwaza, wageni walikuwa wengi, jua kali, samahani. Grgo akasema hakuna neno. Keshokutwa yake likaja basi lingine, naye akajificha makusudi nyuma ya kibanda cha mahindi asikilize. Paa likapewa Bolto tena, na safari hii marehemu aliongezewa na mvua.

Kuanzia hapo mtu huyu akabadilika. Picha ya Bolto iliyokuwa sebuleni, kati ya saa ya ukutani na picha ya Bikira Maria, niliikuta siku moja chumba cha kuhifadhia vitunguu. Nikairudisha. Baada ya wiki niliikuta zizini, imetundikwa vizuri kabisa, kwa misumari miwili, ikitazamana na fahali. Kiti cha Bolto kilipata ugonjwa wa mguu usiopona, na Grgo ni seremala. Akawa anamwuliza Justina maswali ya ajabu wakati wa kula: marehemu alipenda supu nene au nyepesi? Marehemu alikuwa mrefu kiasi gani hasa? Marehemu alikoroma? Justina alijibu lile la kukoroma tu. Alisema ndiyo. Grgo hakoromi, na nadhani usiku ule alilala vizuri.

Nilimwambia aache. Nikamwambia mtu mzima wa miaka sitini na moja hawezi kushindana na picha. Hakutania tena. Alisema, "Angechukua kisima nisingesema kitu. Nyumba achukue, nimeikuta. Lakini Cilika, ile ilikuwa mikono yangu." Na hapo akaniita jina, hakuniita shemeji.

Mwezi wa Juni, Justina aliteleza kwenye ngazi za dari akavunjika nyonga. Walimpeleka hospitali wakamfanyia upasuaji, ukaenda vizuri, lakini akaambiwa akae huko na kituo cha mazoezi karibu wiki tano. Mabasi yalikuwa yameshapangwa. Mimi siwezi kusimulia mbele ya watu, naanza kucheka. Kwa hiyo Grgo akaoga, akachana nywele kwa maji, akavaa kizibao cheusi cha sikukuu, na saa tano akasimama chini ya miforsadi.

Nilikuwa na wasiwasi juu yake kwa sababu ya uchache wa maneno yake. Nilijisumbua bure. Alikuwa ameisikia hadithi ile mara nyingi kuliko binadamu yeyote, na alikuwa nayo yote kichwani: wafalme wa Vienna, viwavi, ufagio wa bibi, kunguru kwenye bomba. Alipofika pale sauti inapotakiwa kushuka, ikashuka. Kisha akasema, "Ndipo nikaja mimi."

Siku ya kwanza alichukua paa tu, na hilo lilikuwa lake. Siku ya tatu akachukua miti ya akesia ya kuzuia mchanga, ambayo nusu aliipanda kweli. Wiki ya pili kisima kikawa chake. Wageni walimtazama mikono, wakataka kuipiga picha. Bibi mmoja kutoka Novi Sad alimwambia kwamba watu kama yeye wamekwisha duniani, naye Grgo akainamisha kichwa kama mtu anayekubali msiba. Kufikia Julai Bolto hakuwepo tena. Hakuzaliwa, hakuoa, hakupindua trekta. Ilikuwa ni akina Vukov wa kale, halafu kunguru, halafu Grgo.

Nilimkabili jikoni. Nilikuwa nakanda unga, sikunawa hata mikono.

"Shemeji, unamwua mtu mara ya pili."

"Mara ya kwanza hakuuawa na mimi."

"Na Justina akirudi?"

"Akirudi atasimulia lake. Miaka kumi na moja amesimulia lake. Mimi nimeomba wiki tano."

Na nikiri hapa: sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa upande wake. Alikuwa amenyooka mgongo. Alikuwa anapiga mluzi akilisha nguruwe.

Lakini katika kundi moja alikuwemo mwandishi wa gazeti, msichana mwenye miwani, ambaye hakujitambulisha. Jumapili yake gazeti likatoka na ukurasa mzima: Grgo amesimama mlangoni pa ghala, mikono kifuani, na juu yake kwa herufi kubwa, "Aliyelifufua Shamba kwa Mikono Yake." Kisima kilikuwemo. Mihimili ya zizi ilikuwemo. Jina la Bolto halikuwemo hata mara moja. Jina la Justina lilitajwa mwishoni, kwamba mke wake husaidia kukaribisha wageni.

Grgo alilikunja gazeti akaliweka ndani ya sanduku la zana. Siku ile hakupiga mluzi.

Justina alirudi siku ya Ijumaa, amekonda, anatembelea magongo mawili. Tulimweka kwenye benchi ya jiko la nje la kiangazi ambako kuna kivuli, mbele yetu beseni la maharage mabichi ya kumenya. Grgo alisimama mlangoni, haingii, hatoki. Nilisubiri kelele. Justina alimenya maharage kumi hivi, kisha akasema kwamba hospitalini muuguzi ndiye aliyemletea gazeti, akampa hongera kwa kuwa na mume wa namna ile.

"Nikamwambia asante," alisema. "Unafikiri ningesemaje?"

Grgo akasema paa lilikuwa lake. Alilisema kwa sauti ya mtu aliyelifanyia mazoezi.

"Paa ni lako," Justina akajibu. "Nalijua. Nilikulisha supu. Teza naye amelisoma gazeti. Siku hizi yanasomwa mpaka Sweden anakoishi. Alinipigia simu hospitalini akaniuliza: mama, yupi mwongo, wewe au ba'mdogo?"

Hapo Grgo aliingia akakaa. Nilitaka kuwapisha, Justina akanizuia kwa gongo. Akasema nibaki, amechoka kulibeba peke yake, na kama atalisema atalisema mara moja tu.

Nami nitalisema kama alivyolisema. Bolto hakuliokoa shamba lolote. Bolto alilirithi kutoka kwa babu yake na jambo la kwanza alilofanya ni kutafuta mnunuzi. Mnunuzi alitaka ardhi, hakutaka nyumba, kwa hiyo Bolto akaanza kuibomoa auze vipande vipande: madirisha, vigae vya jiko, milango ya mwaloni. Fedha zilikwenda kwenye karata katika mkahawa wa stesheni. Kisima kilifukuliwa na Justina mwenyewe, kwa koleo na ndoo, akiwa na mimba ya Teza, kwa sababu Bolto alishauza pampu. Na ile mihimili ya zizi hakuwa anaileta.

"Trekta lilipinduka likielekea mjini," Justina alisema. "Watu waliokuja kuliinua waliona lilikotazama. Walikuwa watu wema, hawakusema kitu. Wamebaki wawili."

Mihimili ile ilirudishwa na majirani pamoja na maiti. Ndiyo iliyomo zizini mpaka leo.

Teza alipokuwa na miaka sita alianza kuuliza baba yake alikuwa mtu gani. Justina akamtazama mtoto, akatazama kisima, akamwambia baba yako alifukua kile. Mwaka uliofuata akamwongezea nyumba. Mtoto alikuwa analala akiwa ameshika kipande cha mbao alichoambiwa ni cha baba yake. Wageni walipoanza kuja Teza alikuwa na miaka kumi na tano, alisimama mbele kabisa ya kila kundi, na Justina hakuweza kusimulia vingine.

"Na paa langu?" Grgo aliuliza. "Teza hakuhitaji paa. Alikuwa na kisima na nyumba na mihimili."

Justina akasema Teza aliporudi mwishoni mwa kiangazi cha mwaka jana, na bintiye Majda mkononi, walipita ghalani, akauliza kama paa nalo lilikuwa la baba. Alikuwa anatazama juu, mdomo wazi kama zamani.

"Nikasema ndiyo. Nikajiambia Grgo ni mkubwa, anajua mimi najua. Baadaye nikashindwa kusema moja mbele yake na lingine mbele ya wageni, ningejichanganya. Nimekuibia, Grgo. Ninalijua hilo. Nimemlisha maiti kwa jasho lako."

Grgo aliinuka akaenda kwa ng'ombe. Haikuwa saa ya ng'ombe.

Teza alifika wiki ile ile, kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, siku ambayo wavunaji huingia mjini na taji la mabua ya ngano kulitoa kanisani. Alikuja na Majda, ambaye alikuwa na miaka mitano na hakuacha kuuliza. Teza ni mwanamke mrefu, mpole, mwenye macho ya Bolto yale ya kwenye picha. Picha, niseme, ilikuwa imesharudi sebuleni. Ni nani aliyeirudisha sijui, si mimi. Hakusema lolote juu ya gazeti siku ya kwanza. Alimkumbatia Grgo kama kawaida, lakini kwa mkono mmoja.

Kesho yake lilikuja basi la wageni kutoka Osijek. Justina hakuweza kusimama muda wote ule kwa magongo. Teza akasema, mbele yetu sote kwenye kifungua kinywa, "Ba'mdogo Grgo atasimulia. Nami nitamfuata, nisikie."

Niliacha mkate tanurini, nikawafuata na mimi. Mkate uliungua upande, sikujali.

Grgo alivaa kizibao cheusi. Hakuchana nywele. Aliwapeleka kwenye miforsadi, akasimulia viwavi. Akawapeleka mlangoni, akasimulia ufagio. Majda alikuwa anamshika suruali. Kwenye bomba la moshi akamaliza habari za kunguru. Teza alisimama mbele kabisa, palepale aliposimama akiwa na miaka kumi na tano.

"Ndipo akaja Bolto," akasema Grgo.

Akampa nyumba. Akampa kisima, na hilo nadhani halikumwuma sana kwa kuwa sasa alijua hakikuwa chake wala cha Bolto. Akampa miti ya akesia, yote, hata ile nusu. Zizini akawaonyesha mihimili, akasema mtu huyu alikuwa anaileta nyumbani trekta lilipompindukia. Alilisema neno "nyumbani" polepole. Kisha tukafika ghalani. Kulikuwa na upepo kidogo, matete yanasugua. Mgeni mmoja akauliza paa la namna ile linadumu miaka mingapi. Grgo akajibu miaka arobaini likifanywa vizuri, na hili limefanywa vizuri. Akaeleza kamba, akaeleza dhoruba, akaonyesha tawi la mforsadi lenye alama ya kamba. Aliyajua mambo ambayo Justina hakuwahi kuyasimulia: kwamba juu kule upepo hauvumi, unavuta, kwamba ilibidi afunge mafungu kwa meno.

"Alishuka mikono inavuja damu," alisema. "Ilibidi mkewe amlishe."

Mwanamume mmoja, gazeti limekunjwa mfukoni, akamwuliza kama si yeye Grgo aliyeandikwa. Mbona pale inasemwa paa aliliezeka yeye?

Grgo alimtazama Teza, siyo yule mgeni. "Nilisema uongo," akajibu. "Nilimwonea wivu mwenye nyumba. Nimeishi katika nyumba yake miaka kumi na mitano, nikataka kitu kimoja kiitwe changu."

Majda akauliza kwa sauti ya wazi wivu ni nini. Watu wakacheka, na cheko lile lilituokoa sote. Teza hakucheka. Alikwenda akamshika Grgo mikono yote miwili akaitazama viganja kwa muda, na mpaka leo sijui aliona nini. Alisema tu, "Asante, ba'mdogo." Kisha akamchukua mtoto akaenda kumwonyesha kisima cha babu yake.

Mchana Grgo hakula. Nilimpelekea sahani kwenye karakana, nikamwambia amefanya jambo kubwa. Aliniambia nisilitaje. Aliniambia kila neno lilimkata lilipokuwa linatoka, na kwamba kama Justina anadhani yeye Grgo amepona wivu anajidanganya, umezidi.

Teza aliondoka mwishoni mwa Agosti. Justina, alipoanza kutembea bila magongo, alirudi kwenye kazi yake ya saa tano, ila hadithi ikawa inaishia zizini. Ghala wageni wanalizunguka wenyewe. Akiulizwa paa ni la nani anajibu kwamba liliezekwa na mwanamume wa nyumba hii, na anaendelea na njia. Mume wake wa pili anaposikia hivyo hagongi nyundo kwa nguvu wala polepole. Anasimama tu mpaka wapite.

Oktoba nilikuwa nao bustanini tunachuma mapera ya kizungu, yale magumu ya manjano ya kupikia jamu. Grgo alikuwa juu ya ngazi. Bila kumtazama mkewe akamwambia amsimulie Bolto, sasa yule wa kweli. Justina akakataa, akasema habari hiyo imekwisha. Grgo akasisitiza. Basi akaanza, mwanzo kwa kulazimishwa: jinsi Bolto alivyouza mlango wa mbele wakati wa baridi, wakatundika zulia, jinsi alivyorudi kutoka kwenye karata bila viatu, akiimba, na bata mzinga kwapani ambaye hakumbuki kamtoa wapi, jinsi bata yule alivyokaa nao mwaka mzima kwa sababu Bolto alimpa jina na hakukubali achinjwe. Grgo alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Mimi nilikaa chini.

Justina naye alikuwa anacheka. Kisha akawa anafuta macho kwa aproni, akafuta tena, na haikuwa kicheko tena, na akatugeuzia mgongo.

Grgo aliona. Alishuka ngazi taratibu, akaweka kikapu chini. Nilimwona akielewa jambo ambalo miaka yote lilikuwa limefichwa na nyumba na kisima na paa: kwamba mwanamke huyu alimpenda mtu asiyefaa kitu, asiyemfanyia kitu, akampenda hivyohivyo. Naye Grgo alikuwa anafaa kutoka asubuhi mpaka jioni.

"Alikuwa mzuri sana?" akamwuliza.

"Alikuwa hovyo," Justina akasema, bado amegeuka. "Shika kikapu, Grgo, yatachubuka."

Akakishika. Wakatangulia kwenda nyumbani, Grgo na kikapu begani, mkono mwingine chini ya kiwiko cha mkewe kwa sababu ya nyonga ile, na nilimsikia mpaka wanaingia uani akiwa bado anamwuliza yule bata mzinga aliitwa nani.